Vigae vimeokotwa Kigamboni vina weusi ndani: tunaweza kujua walipika nini?

SWALI: "Habari. Tulikuwa tunachimba shimo la choo nyumbani huku Kigamboni, kama mita moja chini tukakuta vigae vingi vya vyungu, vingine vina michoro ya pembetatu shingoni na kwa ndani vina weusi mgumu umeganda. Mama anasema huo ni ukoko wa ugali wa muhogo. Je kuna kipimo cha kujua hasa walipika nini? Na nikipeleka maabara yoyote hapa Dar watanipa jibu? Viwili nimeshavisugua kwa brashi na maji, vingine bado."

JIBU:

Dada yangu asante kwa swali zuri, na naanza na la haraka kabla ya sayansi yenyewe: hivyo ambavyo bado, usivioshe kabisa, hata kitambaa usipitishe, viache na udongo wake hivyo hivyo, huko mbele nitakwambia uviweke vipi. Na hivyo viwili ulivyosugua usivitupe, bado vina kazi.

Jibu fupi ni kwamba kipimo kipo, tena viko vya aina kadhaa, ila hakuna hata kimoja kitakachokuletea karatasi imeandikwa humu ulipikwa ugali na kisamvu. Na kuna jambo moja ambalo mimi naona ndo kiini cha kazi yote hii na watu hawaambiwi mapema, kwamba chungu kinatunza vizuri sana mafuta na kinatunza vibaya sana wanga, wakati sisi watu wa huku tangu zamani tumeshiba kwa wanga. Yaani kile kilichojaza tumbo ndo kinachoacha alama ndogo kuliko vyote. Ukilishika hilo utayaelewa majibu ya maabara, usipolishika yatakupoteza.

Sasa huo weusi. Angalia kwanza uko wapi. Ule wa nje, laini, unaochafua kidole, ni masizi ya kuni, unakwambia tu kwamba chungu kilikaa juu ya mafiga. Wa ndani ambao ni mgumu, una vipovupovu vilivyoganda na ukiugeuza juani unang'aa kidogo, huo mama yuko sahihi, ni ukoko, ni chakula kilichoungua kikashika. Mara nyingi unaukuta kwenye kitako, au karibu na mdomo pale chakula kilipokuwa kinachemka na kupanda. Ila ukoko na ukuta wa chungu havitoi habari moja. Mwaka 2020 kulichapishwa jaribio zuri sana, watu walipika kwenye vyungu vya udongo kila wiki kwa mwaka mzima, kila mtu na mapishi yake ya mahindi, ngano na nyama ya paa, halafu mwishoni wengine wakabadilisha chakula. Walipopima wakakuta ukoko unaelezea zaidi mlo wa mwisho tu, ila mafuta yaliyozama ndani ya udongo yanaelezea mapishi ya muda mrefu. Kwahiyo kigae chako kimoja kinaweza kukupa habari mbili tofauti na zote zikawa kweli.

Mafuta yanazamaje? Chungu cha kufinyanga ambacho hakijapakwa kitu kina vitundu vidogo ambavyo jicho halioni. Ukichemsha, mafuta yanaelea juu ya supu, yanagusa ukuta pale pale juu, yanaingia kwenye vile vitundu na yanabaki humo, na kwa kuwa mafuta hayayeyuki kwenye maji basi hata mvua za miaka elfu haziyatoi yote. Ndo maana kwenye chungu cha kuchemshia kipande cha karibu na mdomo huwa na mafuta mengi kuliko kitako, na ndo maana mtaalamu akija kwako ataanza kuchagua vya mdomo, watu wanadhani anapenda vyenye michoro kumbe anafuata mafuta.

Akichagua, anachofanya ni hiki. Anavaa glavu, anakwangua tabaka la juu la kigae kwa kikeekee kidogo analitupa, maana hapo pana udongo na jasho la mikono ya watu. Halafu anachukua kama gramu 2 tu, anasaga kwenye kinu kidogo cha kioo au cha kauri hadi iwe unga, anaweka kiyeyushi, kwa mfano klorofomu na methanoli, au methanoli yenye asidi kama inavyofanyika sana siku hizi, anatikisa kwa mashine, anachuja, anakausha kwa hewa ya naitrojeni, na kinachobaki chini ya kichupa ni kitu kidogo ambacho mara nyingi hata hukioni. Hicho ndo kinaingia kwenye mashine ya kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi, inatenganisha kila molekuli na kuipima uzito, na kwenye kompyuta inatoka grafu yenye vilele virefu na vifupi. Kazi ya kweli inaanzia hapo, kusoma vile vilele. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, chini ya Richard Evershed, ndo wameijenga sana hii taaluma kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mama alitaja muhogo, basi tuingie kwenye mimea. Mimea ina kitu kinachosaidia sana, nta ya majani. Jani la kabichi ukilimwagia maji yanateleza, ile ni nta, na kila jamii ya mmea ina mchanganyiko wake. Mwaka 1991 Evershed na wenzake walitoa kazi ya vyungu vya kale vya Raunds huko Uingereza, wakakuta molekuli tatu zenye kaboni 29 ambazo kwa pamoja ni alama ya mboga za jamii ya kabichi, yaani wakaona mboga ya majani kwenye chungu bila jani lenyewe kuwepo. Huku Afrika, mwaka 2016 Julie Dunne na wenzake walipima vigae kutoka Takarkori na Uan Afuda, jangwa la Libya, vya kama miaka 8200 hadi 6400 KK, na zaidi ya nusu ya vyenye mafuta vilionyesha mimea, mbegu za nyasi, majani na hata mimea ya majini, enzi hizo Sahara ilikuwa na maziwa na mabwawa. Nigeria kwenye vyungu vya utamaduni wa Nok, vya kama miaka 3500 iliyopita, wakakuta nta ya nyuki kwenye kama theluthi moja ya vyungu, na baadae wakatoa na habari ya mboga za majani. Na hapa kwetu msidhani hakuna, mwaka 2020 ilitoka kazi ya vigae 125 vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, Luxmanda ya mkoani Manyara ikiwemo, yenye umri wa kama miaka 3000, wakakuta maziwa, nyama na pia mimea.

Vizuri. Sasa angalia inapokwama.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita pwani yetu, na alipokuwa Mogadishu akaandika alicholishwa: wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zimepikwa kwa maziwa, na pembeni maziwa mgando na achari za ndimu, pilipili na tangawizi. Fikiria sasa tumepata chungu cha wali ule na cha zile ndizi, tumepima mafuta. Cha wali kitatwambia samli. Cha ndizi kitatwambia maziwa. Wali wenyewe kimya, ndizi kimya. Mtu asiyejua ataandika kwamba watu wa mji ule walikuwa wanaishi kwa maziwa kama wafugaji, na atakuwa na grafu nzuri kabisa ya kumuunga mkono, wakati bwana mkubwa alikula sahani ya wali na ndizi. Mchele una mafuta kidogo mno, ndizi nayo hivyo hivyo, muhogo ndo kabisa, na yale kidogo yanafunikwa na samli. Hii ndo sababu nikisikia mtu anasema "mimea haikuonekana" huwa namuuliza haikuonekana au haikuwepo, maana ni vitu viwili.

Kuna njia ya kupunguza tatizo, isotopu za kaboni, yaani kaboni zinazopishana kidogo kwa uzito. Mtama, uwele, ulezi, mahindi na miwa vinatengeneza chakula chao kwa njia tofauti na mpunga, kunde, muhogo na miti karibu yote, na tofauti hiyo inabaki kwenye kaboni hata baada ya kupikwa. Kwahiyo ukipima kaboni ya ukoko unaweza kusema huu umeegemea upande wa mtama na wenzake au upande wa mpunga na kunde. Ila sisi ni watu wa pwani, na samaki wa baharini kaboni yao inafanana fanana na ya upande wa mtama, na ng'ombe aliyekula nyasi zetu za joto maziwa yake nayo yanaenda upande huo huo. Kigamboni bahari iko pale, kwahiyo namba peke yake ya kaboni kutoka kwenye ukoko wako mimi nisingeikubali mpaka iende na alama za mafuta ya samaki, ambazo nazo zinatafutwa humo humo kwenye mashine.

Watu watasema basi tumia hadubini, tafuta chembe za wanga moja kwa moja. Inafanyika, na inapendeza kuiangalia. Chembe ya wanga ukiiweka kwenye mwanga maalumu wa hadubini inatoa msalaba mweusi katikati, na wanga wa muhogo, wa mtama, wa viazi vikuu, kila mmoja una umbo na ukubwa wake. Shida ni mbili. Ya kwanza, wanga ukichemshwa unavimba na kupasuka, ule msalaba unapotea, sasa ukiniletea chembe nzima nzuri yenye msalaba wake kutoka ndani ya chungu cha kupikia mi naanza kujiuliza imefikaje hapo ikiwa salama hivyo. Ya pili ni uchafu wa leo. Mwaka 2014 Alison Crowther na wenzake walichunguza maabara zenyewe za wanga wa kale na wakakuta wanga wa kisasa kwenye vifaa, kwenye vumbi la meza, na kwenye glavu zenye pauda, maana pauda ya glavu mara nyingi ni wanga wa mahindi. Na nje ya maabara je? Sisi tunachimba, saa saba inakuja sinia ya ugali, tunakula pale pale karibu na shimo halafu tunarudi kushika vigae, au unga wa dukani unapeperuka jikoni ulipoviweka.

Na hapa ndo namjibu mama kwa heshima zake zote. Michoro ya pembetatu shingoni, kama ndo ile ninayoifikiria, inafanana na vyungu ambavyo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameviandikia sana, vya takriban karne ya 7 hadi ya 10, vinapatikana pwani yote kuanzia Kenya kushuka kusini. Siwezi kukupa umri kwa maelezo tu, lazima mtu avione. Ila kama ni vya enzi hizo basi muhogo na mahindi hayakuwepo kabisa huku, vyote asili yake ni Amerika na vimekuja baada ya Wareno kuanza kupita bahari hii, na Vasco da Gama kafika 1498. Kwahiyo kwenye kigae cha karne ya 9 nikikuta wanga wa mahindi sishangilii, najua mtu ameshika na mkono wenye unga. Hiyo kwetu ni faida kubwa, mahindi yanatusaidia kujua sampuli imechafuka.

Kuhusu nazi, maana najua litafuata. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki nyingi sana, hiyo ni asidi ya mafuta yenye molekuli fupi, karibu nusu ya mafuta yote, wakati nyama na maziwa hazina kiasi hicho. Huko Qasr Ibrim, Misri, kwenye vyungu vya kale walitambua matunda ya jamii ya mitende kwa kufuata asidi hizo hizo fupi. Kwahiyo kinadharia tui tunaweza kuliona. Lakini asidi fupi ndo zinazotangulia kuondoka na maji, Qasr Ibrim ni pakavu kama nini na Kigamboni mvua za masika unazijua mwenyewe, kwahiyo zikionekana ni habari nzito, zisipoonekana hatusemi kitu. Na hata zikionekana inabaki kusema "jamii ya minazi na michikichi" mpaka kitu kingine kithibitishe.

Mfano mwingine ambao naupenda kwa sababu unaonyesha kwanini vitabu vya wenzetu tusivimeze vizima vizima: kuna asidi inaitwa ya tatariki, ndo wanayotumia kutambua mvinyo wa zabibu, Patrick McGovern aliitumia kwa mtungi wa Hajji Firuz Tepe huko Iran wa kama mwaka 5400 hadi 5000 KK, na kule zabibu zinaota ni hoja nzito. Sasa ilete pwani ya Tanzania. Ukwaju umejaa asidi hiyo hiyo, ubuyu nao unayo. Mtungi wa Kilwa ukionyesha tatariki, mtu aliyesomea Ulaya ataandika mvinyo umeletwa na majahazi, na inaweza kuwa kweli, lakini inaweza kuwa juisi ya ukwaju. Ndo maana nasema tunahitaji vijana wetu wapike kwa vyungu, wapike mlenda, matembele, togwa, kunde za nazi, samaki wa ukwaju, wavunje vile vyungu wavipime, tupate kumbukumbu za vyakula vyetu. Mashine inalinganisha na ilichofundishwa, na mpaka leo imefundishwa zaidi kabichi kuliko mlenda. Hili linaniuma kweli kwa sababu haihitaji hela ya ajabu, inahitaji vyungu, ambavyo wamama wa hapa hapa nchini bado wanafinyanga, na mtu mwenye uvumilivu wa kupika chakula kimoja mara nyingi.

Kama nia yako hasa ni kujua nafaka, basi usitazame vyungu peke yake, tazama udongo uliovizunguka. Mbegu zilizoungua zinakuwa mkaa na zinadumu, unaweka udongo kwenye ndoo ya maji unakoroga taratibu, mkaa unaelea, unakinga kwa kitambaa au chujio. Sarah Walshaw alifanya hivyo Pemba akaona Tumbe, kwenye karne za 7 hadi 10, uwele ndo mwingi, halafu Chwaka kuanzia karne ya 11 hivi mpunga unachukua nafasi. Mafuta ya chungu peke yake ni vigumu sana kukupa habari hiyo. Na kigae chenyewe kikague kwa kioo cha kukuzia, wafinyanzi wakati mwingine walichanganya makapi kwenye udongo au punje ilidondoka, ikaungua ikaacha shimo lenye umbo lake. Mashariki ya Sudan ushahidi wa mtama uliofugwa wa zaidi ya miaka 5000 ulitoka kwenye alama za namna hiyo, watu wakamimina mpira laini kwenye vishimo wakapata umbo la ganda la mtama. Hivyo viwili ulivyoosha vinafaa kabisa kwa kazi hii.

Fitolithi nitazipita haraka, ni vijiwe vidogo sana vya silika ndani ya mimea, haviungui, na vya mgomba vina umbo la mlima wenye shimo juu, vinatambulika. Kumbuka tu kwamba jani la mgomba watu wanafunikia chungu, kwahiyo kijiwe cha jani la mgomba hakimaanishi ndizi ililiwa.

Haya, maabara za Dar. Mashine hiyo kwenye maabara kubwa za mji unaweza kuikuta, wanapimia sumu za mimea, dawa, ubora wa vyakula. Ila ukipeleka kigae kama mteja wa kawaida, hata wakikubali, utapewa orodha ya asidi za mafuta na utarudi nayo nyumbani hujui ni nini, maana kusoma vigae vya kale kunataka mtu aliyezoea mafuta yaliyooza miaka elfu, pamoja na sampuli ya udongo wa pembeni wa kulinganisha. Na zaidi ya hapo, kitu cha namna hii kina sheria yake, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inataka anayekuta mabaki ya kale atoe taarifa, sio kuyauza wala kuyapeleka nje. Nenda Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert au idara ya akiolojia Chuo Kikuu Mlimani, sio kesi, utapokelewa kama mtu aliyeleta habari.

Kabla hujaenda fanya hivi. Simamisha kuchimba hilo shimo, choo hamishia upande mwingine kama eneo linaruhusu. Shika vigae kwa kingo zake, sio kwa ndani, na usipake losheni wala kula ukiwa unavishika, mafuta ya ngozi yana kolesteroli na skwaleni na vyote vinaonekana kwenye grafu. Kila kigae kifunge kwenye foili ya jikoni, halafu ndo kiingie kwenye boksi. Mifuko ya plastiki hapana, plastiki inatoa kemikali zake zinaingia kwenye kigae na zinaweza kufunika kile tunachotafuta. Viache kivulini, vikiwa na unyevu viache vikauke vyenyewe kabla ya kufunga. Chukua na udongo kama kilo moja kutoka pale pale vilipokuwa na mwingine kutoka mbali kidogo, ufunge kila mmoja peke yake. Andika kina kwa futikamba, piga picha ukuta wa shimo ukiwa na kitu cha kuonyesha ukubwa, na kama kuna magamba ya chaza, mifupa ya samaki au shanga usivitenganishe na vigae bila kuandika vilikuwa pamoja.

Na ukiweza nijibu mambo mawili: huo ukoko uko karibu na mdomo au kwenye kitako, na kwenye ule ukuta wa shimo unaona mstari wa udongo mweusi au vigae vimetawanyika tu kwenye mchanga?